Mwendo wa Mzee Omuse Kando ya Bwawa

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: nilipojibu "ndiyo," nilikuwa ninaamini ninachosema, au nilikuwa tu nimefurahi kwamba watu wazima wananisikiliza?

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, nakubali. Nimemaliza chuo, niko nyumbani ninatafuta kazi, na kila barua ya maombi ninayotuma inanigharimu siku nzima ya kujiuliza kama nimejisifu mno au nimejidharau mno. Jirani akinisalimia kwa sauti ya chini, ninachunguza nimemkosea nini. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba nimekesha kwa sababu ya neno moja nililolitamka nikiwa na miaka tisa, atacheka na kusema ndivyo nilivyo. Lakini makosa yangu mengine ni madogo na mimi ndiye ninayeyakuza. Hili lilikuwa kubwa tangu siku ya kwanza, na nimetumia utoto wangu wote kulifanya liwe dogo.

Lilirudi kwa harufu. Baba alikuwa ameamua kwamba sherehe ya kuhitimu kwangu ifanyike nyumbani kwetu Burumba, na kwamba siku hiyo bwawa la kuogelea lazima liwe la buluu. Bwawa lenyewe lilikuwa limekaa kijani miaka mingi, vyura wakiishi humo bila kusumbuliwa na mtu. Akaleta vijana wawili kutoka Malaba. Wakamwaga klorini asubuhi, na mimi niliyekuwa chumbani na dirisha wazi nikapigwa na harufu ile kali inayouma ndani ya pua. Kabla sijafikiria chochote nikamwona mzee mwembamba, suruali amekunja hadi magotini, akitembea polepole sana ukingoni mwa maji.

Jina lake lilikuwa Mzee Omuse. Alikuwa Mteso wa upande wa Kocholia, na kwa muda mrefu wa utoto wangu ndiye aliyetunza bwawa letu. Baba alikuwa wakala wa forodha, mmoja wa wale wanaoshughulikia makaratasi ya malori mpakani, na kazi ilipomnyookea alijenga nyumba yenye bwawa, la kwanza katika mtaa wetu. Sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kuingia ndani zaidi ya magoti. Bwawa lilikuwa la kuonwa. Wageni walipoketi barazani, viti vilielekezwa kwenye maji.

Mzee Omuse alifika kila Ijumaa jioni kwa baiskeli, akaweka dawa, akachota majani kwa wavu, kisha akatukataza sote kugusa maji hadi kesho yake. Alilala kwa dada yake mjini na kurudi asubuhi ya Jumamosi.

"Uchafu lazima ulale kwanza," aliniambia. "Ukiuamsha, utakukimbia siku nzima."

Mimi nilikuwa mtoto mkimya. Kwetu kulikuwa na watu wanaoongea kwa sauti, simu zinazolia, madereva wanaopiga hodi, na sauti yangu ilikuwa ikimezwa kabla haijafika popote. Nilikaa kwenye kivuli cha tanki la maji na kumtazama. Yeye hakuniuliza kwa nini sichezi. Alinipa kazi: kushika mwisho wa paipu.

Naikumbuka kazi yake hatua kwa hatua, labda kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa na mtu mwenye subira. Alikuwa na kichwa kipana cha kufyonzea, chenye magurudumu madogo na brashi chini yake, akakifunga kwenye fimbo ndefu ya alumini. Kwenye kichwa hicho alichomeka paipu nene inayopindika, akakizamisha hadi sakafuni. Kisha akaiteremsha paipu yenyewe majini kidogo kidogo, mkono kwa mkono, na mapovu yakaanza kutoka. Hapo hakuharakisha. Alingoja hadi povu la mwisho litoke, akafunika mdomo wa paipu kwa kiganja, akauchomeka kwenye tundu la ukutani ambalo pampu ilivutia maji.

"Ikimeza hewa, pampu itakufa," alisema. "Si umeona wazee wakikunywa ajono?"

Nilikuwa nimeona. Mama ni Mteso pia, ingawa nyumbani tuliongea Kiswahili, na kwenye boma la kwao nilikuwa nimewaona wazee wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakifyonza ile pombe ya wimbi yenye joto. Niliwahi pia kumwona kijana mmoja akipuliza badala ya kufyonza, chungu kikatoa mapovu, na wazee wakamfukuza kwa makelele kana kwamba amewatemea mate.

"Basi hata hii haitaki upuzi," alisema Mzee Omuse. "Ni kuvuta tu. Hakuna kupuliza."

Halafu ukaja ule mwendo. Alianzia kwenye maji mafupi akielekea kwenye kina, akasukuma kichwa kile mbele kama mtu anayelima kwa ng'ombe, mstari kwa mstari, kila mstari ukikanyaga ukingo wa ule uliotangulia. Aliinua mguu, akangoja, akauweka. Mwili wake uliyumba kidogo kwenda mbele na kurudi pamoja na fimbo. Midomo ilikuwa ikinong'ona: alikuwa akihesabu hatua kwa Kiteso, auni, aongon, akany, yaani tatu, nne, tano, ili ajue mstari umeishia wapi. Hakugeuka kabla ya kufika ukutani. Nyuma yake sakafu ilibaki nyeupe, na maji juu yake hayakutikisika hata kidogo.

Nilijua yote haya. Ndiyo maana siwezi kulala.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa amevuka mpaka kwenda Uganda kuchukua vitenge vya duka lake. Baba alikuwa barazani na mawakala wenzake watatu wakila nyama, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Bila stima hakuna pampu. Nilidhani Mzee Omuse angerudi nyumbani, lakini aliutazama ua wetu unavyoteremka kuelekea bustani ya sukuma ya mama, nyuma ya nyumba, akacheka.

"Leo tutakunywa ya kienyeji," akasema.

Akaizamisha paipu yote majini ijae, akafunika mdomo wake kwa kiganja, akauburuta hadi chini kule bustanini. Akachuchumaa, akatia mdomo wa paipu kinywani, akafyonza hadi mashavu yakabonyea. Akatema. Akafyonza tena. Mara ya tatu maji yakatoka yenyewe, yakaanza kumiminika kwenye sukuma bila pampu wala stima. Alipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

"Sasa sikia, mama," akaniambia. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama. "Hii haina swichi. Haitasimama mpaka imalize maji yote. Ukitaka isimame, unatoa ule mwisho mwingine kwa maji kule juu, unaiacha ivute hewa. Basi. Nikikuambia toa, unatoa."

Kisha akarudi juu akaanza kusukuma fimbo. Maji yalivutwa kwa nguvu ndogo kuliko siku nyingine, kwa hiyo naye alitembea polepole kuliko siku nyingine zote. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu asubuhi alipiga mbizi kutoa majani yaliyoziba chini, ndani ya maji yenye dawa mpya.

Nilikuwa na furaha, na nilitaka kumpa mtu furaha hiyo. Nikakimbia barazani.

"Baba! Mzee Omuse anakunywa swimming kama ajono! Na mrija!"

Walicheka. Sijui nieleze vipi kicheko kile kwa mtu ambaye hakuwa mtoto mkimya. Wanaume wanne walinigeukia kwa pamoja. Mzee Wandera, rafiki mkubwa wa baba, alijipiga paja.

"Hawa Wateso, ukiwaachia mrija watamaliza hata mto Malaba!"

"Anafanya hivi," nikasema, nikabonyeza mashavu na kufumba macho. Wakacheka zaidi. "Halafu anatembea hivi." Nikainua mguu, nikangoja, nikayumba. "Na anaongea peke yake."

Hapo baba aliacha kucheka. Akatazama bwawani. Kutoka barazani, kwa mtu asiyejua kazi ile, mambo yalikuwa kama nilivyoyaigiza: mzee anayumba ukingoni mwa maji, midomo ikitikisika.

"Nafula," akasema, "huyo mzee amelewa?"

Wote wanne walikuwa bado wananitazama.

"Ndiyo," nikasema.

Kuna toleo la kumbukumbu hii nililolitumia miaka mingi. Ndani yake mimi ni mtoto aliyechanganyikiwa: aliona mtu akifyonza, aliona macho mekundu, aliona miguu inayoyumba kama ya wale wazee wa ajono, akaunganisha. Ni toleo zuri, na lina ukweli ndani yake. Kwa dakika ile, nikimtazama kwa macho ya wale wanaume, hata mimi nilimwona amelewa. Lakini nilikuwa nimepiga makofi naye muda mfupi tu uliopita. Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Baba alishuka ngazi. Sisi wengine tukamfuata.

"Mzee, unalewa kwa kazi yangu?"

"Kulewa nini, boss?" Mzee Omuse hakuacha fimbo. Alikuwa katikati ya mstari.

"Macho ni mekundu, unayumba. Mtoto amekuona ukikunywa."

Mzee akanigeukia. Hakukunja uso. Alinitazama kama alivyonitazama aliponikabidhi mwisho wa paipu, akingoja nifanye sehemu yangu.

"Mtoto ameona nini?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Boss," akasema, "hii macho ni dawa ya maji. Mimi nimeokoka, sijagusa pombe tangu nibatizwe. Kuja unuse mdomo wangu."

Akasogea, akafungua kinywa mbele ya baba, mzee mzima, kama mtoto kwa daktari. Baba akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sinusi mdomo wa mtu," akasema. "Chukua baiskeli yako."

Nyuma yangu Mzee Wandera alicheka kidogo, kwa pua.

Mzee Omuse aliiegemeza fimbo ukingoni taratibu ili isianguke, kichwa cha kufyonzea kikiwa bado majini. Akavaa shati. Akasukuma baiskeli hadi langoni, na pale, akijua niko karibu, akasema bila kugeuka: "Mama, toa paipu kwa maji."

Sikuitoa. Nimetafuta sababu na ninazo nyingi. Niliogopa kwamba nikiigusa, baba atajua kumbe ninaijua kazi ile, kumbe mzee alinifundisha, kumbe nilijua alichokuwa anafyonza. Uwongo wangu ungeonekana mikononi mwangu. Kwa hiyo nilikaa kwenye kivuli cha tanki na kutazama maji yakishuka kwenye vigae, kigae kimoja, kisha kingine. Yalishuka mchana wote. Wanaume walikuwa wakila. Hakuna aliyetazama bwawa hadi jua lilipopungua, na wakati huo ngazi za chini zilikuwa nje, na sukuma ya mama imelala kwenye matope.

"Mnaona kazi ya mlevi?" baba akasema. Akaing'oa paipu majini, akatoa simu.

Nakumbuka alivyopiga. Mzee Omuse alikuwa akitunza mabwawa mengine machache, ya mawakala na ya nyumba za wageni, kutoka kwetu hadi Malaba. Baba aliwapigia mmoja mmoja, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeonya jirani kuhusu nyoka. Mama aliporudi alisimama muda mrefu kwenye bustani yake, viatu mkononi. Usiku huo alikaa kwenye kitanda changu.

"Yule mzee anaimba kwaya," akasema. "Una uhakika ulichoona?"

Nikasema nina uhakika. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na haikuwa na kicheko cha kukisingizia.

Miaka ikapita. Baba akaajiri huyu na yule, wote wakiwa na haraka, na mwishowe akalitelekeza bwawa. Mimi nikaenda shule ya bweni, kisha chuo. Nilijiambia kwamba Mzee Omuse alipata kazi nyingine, kwamba watu husahau, kwamba nikimtafuta nitamfungulia kidonda alichokwisha kukifunga. Mtu anayewaza sana hakosi sababu ya kukaa alipokaa.

Hadi wiki ile ya harufu. Vijana wa Malaba walisukuma kile kichwa cha kufyonzea kama wanapiga deki, mbio huku na huku, na uchafu wote ukaamka. Maji yakawa kama uji. Baba alisimama ukingoni, mikono nyuma. Amezeeka, mashati yake yanamzidi siku hizi.

"Hakuna mtu anajua hii kazi," akasema. "Kama yule Omuse hangekuwa mlevi, singesumbuka hivi."

Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yake, msomi wake, ambaye yeye alikuwa akimwandalia hema la sherehe.

Baada ya usiku tatu wa lile swali langu nilipanda bodaboda hadi Kocholia. Niliulizia karibu na hospitali, na mwanamke anayeuza ndizi akanielekeza bila kufikiria: mzee wa baiskeli, nyumba yenye mlango wa kijani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda na mkewe, sinia la karanga katikati yao, wakizimenya.

"Yoga," nikamsalimia kwa Kiteso.

"Yoga noi," akajibu. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Burumba. Kwa boss wa swimming."

Mikono yake ikasimama. "Nafula," akasema. "Ulikuwa unakaa kwa kivuli ya tanki."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, hata nikayaandika kwenye simu. Yalitoka yakiwa yamepinduka, mwisho kabla ya mwanzo. Nikasema nilisema ndiyo. Nikasema nilijua ni maji. Nikasema nilikuwa mtoto, kisha nikasema hiyo si sababu, kisha nikaanza kulia, jambo nililokuwa nimeapa kutolifanya.

Mzee Omuse alimenya karanga tatu, nne.

"Ile paipu," akasema. "Uliitoa?"

"Sikuitoa."

"Ikamaliza maji?"

"Nusu."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha maumivu. "Nilifikiria hiyo paipu mpaka nikafika Adungosi. Nikasema, nirudi? Nikasema, nikirudi atanipiga. Lakini mtoto yuko. Mtoto anajua."

Mkewe aliweka sinia chini.

"Walimtoa kwa benchi ya wazee wa kanisa," akaniambia. "Habari ilifika hapa kabla ya ibada ya kesho yake. Miezi mingi alikaa nyuma kama mtu wa kuja juzi. Kwaya akaacha mwenyewe. Na wewe umekuja ulie hapa, sisi tukwambie pole, uende ulale vizuri?"

"Mama, sikuja..."

"Jina la mlevi halikuanzia hapa. Aliitwa huko kwenu, mbele ya watu. Baba yako anajua umekuja?"

"Hapana."

"Basi bado hujakuja."

Mzee Omuse akamgusa goti. "Mpe mtoto karanga," akasema. Kisha, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na somo lililokatizwa jana: "Maji sasa iko namna gani?"

"Kama uji."

"Wanakimbia?"

"Wanakimbia sana, mzee."

Akacheka, meno machache. "Waambie waache. Uchafu ulale. Siku mbili, hii yenu labda tatu."

Niliporudi nilimwambia baba awaruhusu wale vijana waende, bwawa nitaliosha mimi. Alidhani ni mzaha wa mtu asiye na kazi, akakubali. Siku tatu sikumruhusu yeyote aguse maji. Uchafu ukashuka taratibu, ukatanda sakafuni kama blanketi la kahawia, na juu yake maji yakawa wazi.

Asubuhi ya Jumamosi, sherehe ikiwa imebaki wiki moja, baba aliwaita marafiki zake wapange mahema. Wawili kati ya wale wa zamani walikuja, Mzee Wandera mmoja wao, akitembea kwa bakora sasa. Waliketi barazani, viti vikielekea maji. Mimi tayari nilikuwa ukingoni, suruali nimekunja. Nilikuwa nimezama mara mbili, taratibu bila kugusa sakafu, kutoa majani, na macho yalikuwa yakiniwaka. Nikaiteremsha paipu mkono kwa mkono. Nikangoja povu la mwisho. Nikachomeka, pampu ikavuta.

Nikaanza. Inua mguu, ngoja, weka. Sikujua kwamba mwili wenyewe hukulazimisha: ukisukuma fimbo ndefu hivyo bila kutikisa maji, huwezi kusimama wima, lazima uyumbe nayo. Na ukitaka usipoteze mstari, lazima uhesabu. Nilikuwa nikinong'ona kama mtu aliyepagawa.

"Wewe Nafula!" Mzee Wandera akapaza sauti. "Sherehe bado na umeshaanza kukunywa?"

Baba akacheka. "Ona macho yake! Msichana, umelewa?"

Lilikuwa swali lile lile, kutoka baraza ile ile. Nilikuwa nimepanga kumwambia baba jioni, tukiwa wawili, kwa maneno laini niliyokuwa nimeyachagua. Niliyaona yote yakipita kichwani, sababu zote nzuri za kungoja jioni, na nikamsikia mke wa Mzee Omuse akisema bado sijaja.

"Hapana," nikasema, kwa sauti niliyohakikisha inafika barazani. "Ni dawa ya maji. Na hivi ndivyo watu hutembea wakifanya kazi hii vizuri. Mzee Omuse hakuwa amelewa."

Hakuna aliyecheka.

"Siku ile alikuwa anavuta maji kwa paipu kwa sababu stima ilipotea. Alinionyesha. Nilijua. Baba uliniuliza, nikasema ndiyo, kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Aliniambia nitoe paipu, sikuitoa. Maji hayakumwagwa na mlevi. Yalimwagwa na mimi."

Mzee Wandera alipata ghafla kitu cha kutazama kwenye bakora yake. Baba alikuwa amesimama.

"Ulikuwa mtoto," akasema polepole. "Labda uliamini hivyo."

Alikuwa ananiokoa. Alikuwa ananipa lile toleo langu zuri, mbele ya mashahidi, na ningeweza kulichukua.

"Sijui niliamini nini," nikasema. "Najua nilisema nini. Alikuambia unuse mdomo wake, baba."

Baba akaketi. Alijipapasa mfuko wa shati, akatoa miwani, akairudisha.

"Wale uliowapigia simu siku ile," nikasema, "naomba uwapigie. Mmoja mmoja. Na wawili kati ya waliokuwa hapa wako hapa leo. Sherehe ikifika nitarudia mbele ya wote, na Mzee Omuse nitamwalika mimi mwenyewe. Akikataa, nitarudia hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeuacha mstari katikati, na wingu dogo la uchafu lilikuwa limeanza kuamka mbele ya fimbo. Nikashika upya. Nikasikia nyuma yangu kiti kikisogea, kisha vidole vya baba vikibonyeza simu, na sauti yake, ya chini kuliko ninavyoijua, ikisema, "Ndugu yangu, kuna jambo nilikwambia zamani."

Sikugeuka. Niliinua mguu, nikangoja, nikauweka, nikihesabu kwa sauti, nikiyumba mbele yao wote hadi ukutani.